Anayepita Kondeni Alfajiri

Ukungu ni ule unaofunika milima, na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate uliolala. Mwaka ule pale kijijini Ha Mohlape hakuna aliyehitaji kuuliza ni upi unaosemwa. Wa kwanza ulishuka watu walipoanza kuvunja mahindi, ukalala bondeni ukagoma kuondoka. Wa pili ulizaliwa ndani ya ule wa kwanza, juu ya bangi.

Ulianzia kwa Mokitimi. Majani yake yalipata unga mweupe, kana kwamba kuna mtu aliyepita akipepeta ngano juu yake. Mokitimi akasema jua likitoka utakauka. Jua halikutoka. Vichwa vya maua vikaanza kuharibika kutoka ndani, kahawia kwanza, halafu kijivu, na ukivigusa vilitoa moshi mwembamba usio na moto wala harufu ya moto. Kwa Mokitimi ukatoka ukaingia kwa Malitaba, mjane wa Sekake, na kutoka hapo ukavuka kijito. Kila nyumba kijijini iliishi kwa zao hilo. Mahindi ya milimani yalikuwa ya tumbo tu. Bangi ndiyo iliyonunua mafuta ya taa, viatu vya shule, mabati na majeneza.

Konde moja peke yake halikuguswa, nalo lilikuwa la Khethisa. Au tuseme la mkewe Nthatisi, maana Khethisa alirudi kutoka machimboni na kifua kilichojaa vumbi la mawe, na safari yake ya kutwa ilikuwa ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hapo mlangoni alikaa juu ya kigoda, blanketi mabegani, akimtazama mkewe akiingia ndani ya ule weupe na ndoo yake. Hatua chache tu, na alikuwa hayupo tena. Kilichobaki kilikuwa sauti.

"Chai haina maziwa," alisema Puseletso, binti yao, asubuhi moja, akikiangalia kikombe kama kimemtukana.

"Ina sukari," Nthatisi alijibu asubuhi ile akiwa bado anafunga viatu vya mpira. "Kunywa."

"Ng'ombe si amezaa?"

"Amezaa, na majani yanaumwa. Wewe huumwi."

"Mpe hata tone," Khethisa alisema.

"Tone la leo na la kesho, ntate, ndiyo viatu vyake vya shule. Mwambie wewe akavae tone."

Khethisa akajivutia blanketi, hata kama ameitwa ntate, yaani baba. Mwanamume asiyeshika jembe huchagua maneno ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye alikuwa amejifunza kuyachagua.

Kazi ya mkewe aliijua hatua kwa hatua, kwa sababu nusu yake alimfundisha yeye. Kabla ya mapambazuko kamili Nthatisi alipita kila mstari akikung'uta umande, kwa kuwa maji yanayolala juu ya ua ndiyo kitanda cha ukungu. Alikuwa amekwisha kuyapogoa majani yote ya chini na kuyafunga matawi yasilaliane, ili upepo upite katikati ya miti kama mtu anavyopita katikati ya nyumba. Kisha alingoja. Jua likichungulia hata kidogo, alichanganya maziwa kidogo na maji mengi, akachovya ufagio wa nyasi na kunyunyiza pande zote mbili za majani. Hayo ya maziwa aliyaleta kutoka kwao nchi ya chini, ambako mama yake aliyafanyia majani ya maboga, na hapa milimani hakuna aliyewahi kuyaona.

Mokitimi alinunua dawa ya dukani, ya maji ya bluu, akawashauri wote wanunue. Nthatisi alipomuuliza mumewe, Khethisa alikohoa kwanza, muda mrefu, mpaka macho yakamtoka machozi.

"Hiki kitu mtu atakivuta," alisema alipoweza. "Kinachoingia kifuani hakitoki. Huhitaji kwenda mbali, niulize mimi."

Basi wakabaki na maziwa.

*

Siku moja Nthatisi alirudi kutoka chemchemi mapema kuliko kawaida, ndoo imejaa.

"Leo hapakuwa na foleni?" Khethisa aliuliza.

"Walinipisha."

"Wakikupisha si vizuri?"

"Walinipisha kama mtu anavyopisha maiti." Aliitua ndoo chini polepole. "Wote walisogea. Malitaba alikuwa amekwisha kuteka. Kivuli changu kilipopita juu ya ndoo yake akayamwaga maji yote, akaondoka na ndoo tupu. Hakusema neno."

"Una nini naye?"

"Wanasema nina mtu kondeni."

Khethisa nusura acheke. Alimtazama mkewe, mikono iliyopasuka, blanketi lililofungwa kwa pini, kisha akauona uso wake.

"Si mtu wa namna hiyo," Nthatisi alisema. "Msukule. Wanasema nimemwinua Sekake ananilimia."

Hakuna mtu milimani kule asiyejua habari hizo. Mchawi humchukua marehemu ambaye watu wake hawakumwona vizuri alipozikwa, humkata ulimi, humfanyisha kazi kabla ya jua kutoka, humlisha pumba. Na Sekake, kaka yake Khethisa, mume wa Malitaba, alikuwa amerudi kutoka machimboni ndani ya jeneza lililopigwa misumari. Walioleta jeneza walisema lisifunguliwe. Halikufunguliwa. Malitaba alizika mbao.

Jioni yake Chifu Lekunya alifika akiwa juu ya farasi. Kila alipopita nyumba ile alishuka na kuuliza kama uji wa mtama umechachuka vizuri. Siku hiyo hakushuka kabisa. Nthatisi alimletea bakuli mpaka kwenye shingo ya farasi, naye akasema tumbo limejaa, huku akitazama pembeni, na Nthatisi akasimama pale na bakuli lake mkononi, hajui aliweke wapi.

"Ntate Khethisa," chifu alisema, "Malitaba ameleta shtaka. Na hayuko peke yake. Tutakaa Jumamosi."

"Shtaka gani? Lina jina gani?"

"Usinilazimishe kulitaja mbele ya mtoto. Mimi binafsi siyaamini mambo hayo. Lakini kijiji kizima kinaoza isipokuwa ninyi, na watu wanataka kujua kwa nini. Wakishindwa kujua wataing'oa miti yenu waichome. Na mama huyu itabidi arudi kwao."

"Malitaba ameona nini?"

"Hajaona. Amesikia. Kuna anayepita kondeni kwenu alfajiri. Anagonga shina mara mbili, ananyamaza, anasogea. Malitaba anasema mumewe aligonga hivyo hivyo, maisha yake yote, na hakuna mwingine."

Khethisa angeweza kumjibu hapo hapo. Sekake ndiye aliyemfundisha yeye kukung'uta umande, mara mbili kwenye shina na si kwenye tawi, na yeye akamfundisha mkewe. Jambo lilikuwa jepesi kama hilo. Lakini ulimi haukunyanyuka. Kwa maana yeye pia, akiwa amekaa pale mlangoni kila alfajiri, alikuwa akisikia. Mkewe aligonga kule juu, ta ta, kisha maji yakamwagika kutoka kwenye majani. Halafu kule chini, upande wa kijito, ambako Nthatisi alikuwa hajafika bado, kitu kilimjibu. Ta ta.

Alijiambia ni jabali linalorudisha sauti. Alijiambia hivyo kila siku.

*

Walipokwisha kula na mtoto kulala, alimuuliza.

"Kule kondeni uko na nani?"

Nthatisi alikuwa anaosha kisu kwa maji ya moto na majivu, kama alivyokiosha kila alipotoka kupogoa. Mkono ukasimama.

"Kumbe na wewe unasikia," alisema.

"Nasikia."

"Nilidhani ni kichwa changu." Alikiweka kisu chini, akaenda nyuma ya mapipa ya nafaka na kurudi na kitu kilichofunikwa kitambaa. Kilikuwa bakuli la bati. Ndani yake mlikuwa na donge la papa, ule ugali wa milimani, na mboga za majani, baridi, limekauka pembeni. "Hili ni la leo. Nalikuta kwenye jiwe bapa kule kona ya chini. Kila siku kuna chakula. Nikifika mapema kinakuwa bado cha moto."

Khethisa hakuligusa.

"Na kona hiyo," Nthatisi aliendelea, sauti imeshuka, "ndiyo pekee iliyoanza kuoza. Upepo unapita vizuri, matawi nimeyafunga, maziwa nimetia kama kwingine. Jana nimekata vichwa, leo nimekuta vingine. Kuna mtu ananitegea kitu, ntate."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniangalia kama unavyoniangalia sasa."

Ni kweli alikuwa anamwangalia. Aliyageuza macho, lakini alikuwa amechelewa, na wote wawili walilijua hilo. Walilala wamepeana migongo. Khethisa alikuwa na fikra nyingine pia, aliyoificha chini kabisa, hata yeye mwenyewe hakutaka kuigusa. Kama ni kweli. Kama Sekake yuko kule chini kwenye weupe, hata bila ulimi, hata akila pumba, basi angeweza kwenda kumwona.

*

Alfajiri iliyofuata alingoja mkewe atangulie, kisha akanyanyuka kwenye kigoda na kumfuata.

Hatua za mwanzo zilimchukua mpaka kwenye ukuta wa zizi. Aliushika ukuta, akavuta pumzi, na ukungu ukaingia kifuani kama kitambaa chenye maji. Kutoka zizini alikwenda kwa kupapasa. Alilijua konde lile tangu utotoni, lakini ndani ya ule weupe halikuwa na mwanzo wala mwisho. Miti ya bangi ilikuwa imempita kimo. Ilijitokeza mmoja mmoja mbele ya uso wake, mizito, inayonata, halafu ikafutika. Alisimama kukohoa akiziba mdomo kwa blanketi, na aliponyanyua kichwa hakujua tena nyumba iko upande gani.

Ta ta. Hiyo ilikuwa mbali, juu. Ilikuwa ya mkewe.

Ta ta. Hiyo ilikuwa karibu mno, mbele yake, kimo cha magoti.

Akaenda mbele. Aliupisha mti, akaupisha wa pili, na hapo akaliona jiwe bapa, na juu ya jiwe bakuli linalofuka mvuke, na kando ya bakuli kitu cha kijivu kilichojikunja. Mkono ulitoka ndani ya kitu hicho. Ulishika kijiko. Kijiko kikagonga shina mara mbili, na moshi mwembamba wa kijivu ukapanda kutoka kwenye blanketi ukatua juu ya maua.

"Malitaba," alisema Khethisa.

"Kaa chini, shemeji." Hakugeuka hata kidogo. Alinong'ona kama mtu aliyeko kanisani. "Utamkimbiza."

Khethisa alikaa, si kwa kutii. Kifua ndicho kilichotaka kupumzika. "Utamkimbiza nani?"

"Unajua ni nani. Anakuja hivi. Nikigonga ananijibu, lakini hafiki huku. Anageukia pale juu, kila siku anageukia pale."

"Na chakula?"

"Wanamlisha pumba. Sekake hajawahi kula pumba." Aliliweka sawa bakuli, akalizungusha ili upande wenye mboga uelekee juu. "Nimemwita kwangu. Nimekaa kondeni kwangu asubuhi ngapi, nimegonga mpaka kijiko kimepinda. Kwangu hakuna anayekuja. Kwangu kunaoza tu, nikigusa kunaoza. Kwenu anakuja. Alipokuwa hai alikulimia wewe kabla ya kunilimia mimi, na sasa amekufa, bado ni kwako."

"Kwa nini basi umekwenda kwa chifu?"

"Ili mumwachie akalale." Alifikiri. "Jana nilitaka mumwachie. Leo nimeamka nikapika tena."

Ta ta. Sasa ilikuwa mistari michache tu kutoka walipo. Maji yalimwagika majanini, chwaa, na hatua nzito zikasogea kwenye udongo uliolowa. Malitaba aliushika mkono wa Khethisa. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kilikuwa na unga unga.

Kilichotokeza kwanza ni mabega. Lilikuwa koti la machimboni, refu, jeusi, la mpira, pana kuliko mlango, lenye utepe wa kung'aa uliokatika begani. Kofia yake ilikuwa imefunika uso wote. Mkononi kulikuwa na fimbo. Khethisa aliujua ule utepe, alikuwapo siku ulipokatika. Alisahau mkewe, akasahau shtaka, akasahau kwamba yeye ni mtu mzima.

"Kaka," alisema.

Koti likasimama.

"Nani yuko hapo?" liliuliza, kwa sauti ya Nthatisi, na fimbo ikainuka.

Malitaba ndiye aliyenyanyuka. Alilisogelea koti, akainua mikono yote miwili na kuirudisha kofia nyuma, taratibu, kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi. Alimtazama Nthatisi kwa muda mrefu sana. Aliligusa lile koti kifuani, akalipapasa, akausogeza uso akalinusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa. Tanga lilipoondolewa na nguo za marehemu zikagawanywa kwa ndugu, Malitaba aliliokota kwenye rundo akalirusha upande wa Khethisa bila kuangalia, kwa sababu siku ile hakuweza kuangalia kitu. Nthatisi alilitundika zizini, akawa analivaa humo alfajiri kwa ajili ya umande, ambako Khethisa kutoka mlangoni hakuweza kumwona.

"Kumbe ni koti," alisema.

Akaliokota bakuli lake, akalimwaga, akaenda zake. Blanketi lake liliigusa miti ya pande zote mbili alipokuwa akipita, na kila alipoigusa moshi ulipanda.

Nthatisi aliutazama ule moshi mpaka ukafutika. "Ni yeye aliyekuwa anauleta," alisema. "Anautoa kwake na nguo zake." Alipiga magoti palepale, akatoa mfuko, akauvika kwenye kichwa cha ua kilichooza kwanza, ndipo akakata shingo yake, ili vumbi lisiruke. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka. "Umeniita kaka," alisema bila kunyanyua kichwa.

"Ndiyo."

"Ulidhani kweli ninaye."

 Khethisa alijikokota mpaka ubavuni pake, akaushika mdomo wa mfuko ukae wazi.

*

Jumamosi, barazani kwa chifu, walimkalisha Nthatisi peke yake, kwenye nyasi zenye umande, wakati wanawake wengine walikuwa na mkeka. Khethisa alikuja juu ya punda wa kuazima, akashuka kwa kubebwa makwapani mbele za watu wote, na kuna waliotazama chini kwa haya na kuna ambao hawakutazama chini.

Chifu alimwita Malitaba aseme. Alisimama, blanketi safi, uso hauna kitu.

"Nimelifuta," alisema. "Nilisikia vibaya." Akaketi.

Watu hawakuridhika; walikuwa wametoka mbali na makonde yao yameoza. Mokitimi alisimama. "Amefuta la kwake. Hayo maji meupe je? Mke wa mtu anatembea kwenye ukungu ananyunyiza maji meupe kwa ufagio, na kwake tu ndiko kuzima. Atuambie ni maji ya nini, na ufagio wa nini."

"Ni maziwa," alisema Nthatisi.

"Maziwa," Mokitimi alirudia, akawageukia watu. "Watoto wetu hawana maziwa, bangi yake inakunywa maziwa."

Wengine wakacheka, kile kicheko kibaya. Khethisa alijaribu kusimama akashindwa, basi akasema akiwa amekaa. Aliomba aletewe ndoo ya maji yale meupe iliyofungwa kwenye punda. Aliinua kata, akanywa, mengine yakamwagika kidevuni. Akamwita Puseletso. Mtoto alikuja, akaikamata kata kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumua, akaomba tena.

"Mama alisema ni ya majani," alimwambia chifu, kwa lawama.

Safari hii waliocheka walicheka vizuri. Hata chifu alijifuta macho. Alisema hajasikia sheria inayomzuia mtu kunyunyiza maziwa yake mwenyewe, na mwenye shaka aende akaone jua likichungulia, si kwenye giza la ukungu ambako hata mbuzi anaweza kuonekana shetani. Siku zilizofuata watu wachache walikuja, makopo yamefichwa ndani ya blanketi kama wezi. Nthatisi aliwaonyesha namna ya kupogoa na kuchanganya. Hakuwakaribisha kuketi. Mokitimi hakuja, alimtuma mkewe.

*

Malitaba pia hakuja. Nthatisi alimwendea na kisu na mfuko, akaukuta mlango umefungwa na moshi unatoka kwenye paa. Aligonga. Akagonga tena. Akarudi.

"Hilo konde lake litaturudishia ukungu," alimwambia mumewe. "Upepo ukigeuka tu."

Siku hiyo kabla ya jua kuzama Malitaba alisimama mlangoni mwao. Hakuingia. Alizungumza na kizingiti.

"Njoo kwangu asubuhi. Fanya unavyofanya huku. Lakini vaa lile koti. Na usiseme kitu."

Nthatisi alimkazia macho. "Dada, mlikuwa mnifukuze kijijini kwa ajili ya lile koti."

"Najua."

"Mimi si mumeo."

"Hilo nalijua. Mimi si mwendawazimu." Malitaba alikunja ncha ya blanketi kidoleni, akaikunjua. "Niliweka mbao ardhini, Nthatisi. Sikumuaga mtu."

Alipoondoka, Nthatisi aliurudisha mlango. Khethisa hakumsihi. Alijua haki hiyo hanayo. Asubuhi alimsikia akilishusha koti kwenye msumari.

Basi ikawa hivyo. Nthatisi alimaliza kwao, kisha akavuka ukuta wa mawe na kuingia kwa Malitaba, kofia imefunika uso, akigonga mara mbili, akikata vilivyooza ndani ya mfuko, akivitupa kwenye moto uliowashwa pembeni. Jua lilipochungulia alinyunyiza. Malitaba aliketi kwenye ukingo wa konde. Chakula kilikuwa juu ya jiwe, na yule aliyevaa koti alikila akiwa amesimama, kama wanavyokula wanaume wa kazi, huku mjane akizungumza. Nthatisi aliporudi nyumbani hakusema neno mpaka alivue koti. Khethisa alimuuliza mara moja Malitaba husema nini.

"Mambo ya nyumbani," alijibu. "Paa linavuja upande gani. Binti yao Litaba ameolewa wapi. Usiniulize tena."

Nusu ya konde lile ilipona. Siku ya mwisho kabla ya kuvuna, Khethisa alitembea mpaka ukuta wa mawe akauegemea. Ukungu ulikuwa bado umelala. Aliweza kuliona koti, jeusi, likitafuna, na mbele yake kile kitu kidogo cha kijivu kilichojikunja.

"Khethisa amekonda," Malitaba alikuwa anasema. "Mkewe anahangaika naye. Si mwanamke mbaya. Nilimsema vibaya, na wewe ungekuwapo ungenikataza." Koti liliacha kutafuna. "Kesho wanavuna. Nitaining'iniza bangi ndani, juu, penye upepo, kama ulivyokuwa unataka. Usije tena, Sekake. Umefanya kazi ya kutosha. Nenda."

Koti lilibaki limesimama. Kisha likaweka bakuli juu ya jiwe, likainamisha kichwa, likageuka. Khethisa alitegemea lielekee kwake, upande wa nyumbani. Halikuelekea huko. Lilipanda. Lilipita ukingo wa konde na kushika njia ya mlimani, inayokwenda makaburini na haina pengine inapokwenda, kwa hatua nzito, utepe ukimulika begani mara moja, mara mbili, na ukungu ukalifunika. Alijua ni mkewe. Alijua jina lake, na viatu alivyovaa, na kwamba amemwachia uji motoni. Alivua kofia yake hata hivyo, akaishika kifuani mpaka hatua zikakoma kusikika.

Nyumbani alikaa na Puseletso karibu na moto. Uji ulichemka ukaanza kushika chini, akauondoa. Mtoto aliuliza mama yuko wapi, akamwambia anakuja. Aliuliza tena. Muda ulikuwa umepita mrefu kuliko njia yenyewe.

Nthatisi aliingia akiwa na nguo nyepesi tu, nywele zimelowa, mabega yanatetemeka. Khethisa alimfunika blanketi lake.

"Koti liko wapi?"

Alinyoosha mikono motoni, akaitazama kama si yake.

"Nimemfikisha," alisema.